Uzi: Kutengeneza muziki wa dansi wa kielektroniki ukiwa mwajiriwa wa kutwa, uzoefu wa karani wa ghala la korosho Mtwara

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la korosho hapa Mtwara, na huu ni mwaka wa sita ninatengeneza muziki wa dansi wa kielektroniki, hasa hausi na singeli, katika chumba cha kupanga kule Chikongola. Nimeamua kufungua uzi kwa sababu kila ninayemsikilizisha kazi zangu huniuliza swali lile lile: muda unaupata wapi? Miaka miwili ya mwanzo nami niliamini kwamba tatizo langu ni muda. Nilikuwa nimekosea.

Tupige hesabu kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Wiki ina saa 168. Toa 45 za kazi, toa 49 za kulala, zinabaki 74. Toa tena njia, kupika, kufua, ibada, kumtazama mgonjwa na kuhudhuria msiba, bado huwezi kuniambia kwamba saa nane za muziki hazipatikani. Mimi naingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 jioni, Jumamosi natoka saa 6:30 mchana. Muda upo. Vinavyokosekana ni vitu viwili ambavyo ajira huvitumia kutwa nzima bila mwenyewe kutambua, navyo ni masikio na uwezo wa kuamua.

Nianze na masikio. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila kelele zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, kwa 94 ni saa moja tu. Sijawahi kupima ghala letu, lakini msimu unapochanganya, malori yakiwa yamepanga foleni huku injini zinaunguruma na vijana wa kupakua wakiitana, huwezi kuzungumza na mtu aliye hatua tatu kutoka kwako bila kupaza sauti. Nilikuwa natoka hapo, naoga, nakula, halafu saa mbili usiku navaa hedifoni kuanza kuchanganya sauti. Hai-hati, yaani zile sauti kali za matoazi, nilizisikia zimefifia, nikazipandisha; besi niliisikia nyembamba, nikaijaza. Kesho yake alfajiri nikisikiliza kazi hiyo hiyo, hai-hati zinachoma masikio na besi imemeza kila kitu. Masika nzima nilijiona sina kipaji, kumbe nilikuwa nafanya kazi ya masikio kwa masikio yaliyokwisha kutumika.

Uwezo wa kuamua ni habari ndefu zaidi. Wimbo mmoja wa dansi ni mamia ya maamuzi madogo: kiki (lile pigo zito la ngoma) ipi, iwe ya noti gani, besi iiname kiasi gani kila kiki inapogonga ili zisigombanie nafasi moja, kinanda kiingie baada ya vipimo vingapi (kipimo ni mapigo manne), ukimya uje wapi. Nami kutwa nzima kazi yangu ni kuamua: gunia hili limejaa au limepunjwa, huu ni unyaufu wa kawaida au kuna mkono wa mtu, hati hii inalingana na mzigo au hailingani. Usiku kilichobaki kichwani kilitosha tu kufungua hazina ya sauti na kujaribu kiki moja baada ya nyingine hadi saa sita, nikidhani natengeneza muziki. Pale nilikuwa nazurura tu.

Siku moja ya msimu nililala saa nane usiku kwa sababu ya wimbo ambao hata leo haujakamilika. Asubuhi yake nikaandika magunia 87 kwa mkulima aliyeleta 78. Karani mwenzangu aliliona kosa kabla hati haijasainiwa, akanisogezea karatasi kimyakimya bila kumwita msimamizi. Wanaofahamu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo hati ya ghala ndiyo ushahidi wa mzigo wa mkulima, wanajua kwamba magunia tisa hewa yangenipeleka wapi. Tangu siku hiyo kompyuta yangu hufungwa saa nne usiku.

Sasa nimegawa kazi za muziki kwa kufuata nguvu iliyopo. Baada ya sala ya alfajiri, kuanzia saa 11:30 hadi saa 12:40, ndipo ninapochanganya sauti na kufanya maamuzi magumu, kwa kuwa masikio yamepumzika na mtaa bado umetulia. Jioni nafanya yale yasiyohitaji busara: kukata sampuli (vipande vya sauti zilizorekodiwa), kuyapa mafaili majina yanayoeleweka, kupanga sauti kwenye makabati yake, kunakili kazi kwenye diski ya akiba. Jumamosi alasiri ndiyo ya kutunga. Na kila ninapoinuka naandika kwenye daftari sentensi moja tu inayosema nitakaporudi naanzia wapi, kwa mfano: “Punguza besi kipimo cha 33, usiguse kiki.” Sentensi hiyo huniokolea nusu saa ya kukodolea macho kioo.

Mwaka nao nimeugawa. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, hadi Januari, sitengenezi wimbo hata mmoja. Nakusanya sauti tu. Korosho ghafi zikimiminwa kutoka gunia la juti hutoa mchakacho ambao ukiukata vizuri unashinda sauti yoyote ya shekari (kayamba) ya kununua. Bawaba ya mlango wa ghala ninayo kwenye nyimbo tatu. Mashine za kupulizia mikorosho salfa, ambazo ukiwa pembezoni mwa mji unazisikia mashambani mapema asubuhi miezi ya Juni na Julai, zinatoa mngurumo mmoja mrefu ambao nimeushusha oktava mbili ukawa besi. Ya ghalani narekodi saa ya chakula kwa ruhusa ya msimamizi, na sirekodi maongezi ya mtu. Februari, ghala likishatulia, nakuwa na mafaili zaidi ya mia mbili na hamu ya kutunga ya miezi minne.

Kwa wanaoanza, msidanganywe kwamba lazima mnunue studio. Kampuni ya Roland walipotoa mashine ya besi ya TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliikusudia iwe msaidizi wa mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Haikupata soko, zikauzwa kwa bei ya kutupa, vijana wa Chicago wakazipindua vifundo vyake hadi ikazaliwa asidi hausi. Nyumbani kwetu, mchiriku ulikua juu ya vinanda vidogo vya Casio, na singeli imetoka uswahilini Dar es Salaam kwenye kompyuta za kawaida kabisa, kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na zaidi, wakati hausi hutembea kati ya 120 na 130. Mimi nina kompyuta mpakato ya mitumba, hedifoni moja nzuri na feni ambayo lazima niizime nikitaka kurekodi. Mvua ikianza kupiga bati, kurekodi kunaahirishwa.

Naomba michango yenu, hasa wenye ajira za zamu, maana mimi sizijui.

Mchangiaji (Lindi Mjini)

Kaka, shikamoo kama umenizidi, na asante kwa uzi. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na huo utaratibu wako wa alfajiri kwangu hauwezekani, kwa kuwa wiki moja alfajiri ndiyo mwisho wa kazi na wiki nyingine ndiyo mwanzo. Nilichojifunza ni kutoifuata saa ya ukutani, bali kuhesabu kutoka ninapoamka. Saa ya kwanza baada ya kuamka, hata kama ni saa tisa alasiri, ndiyo “alfajiri” yangu. Nikitoka zamu ya usiku siigusi kazi ya muziki kabisa. Niliwahi kujaribu nikafuta wimbo mzima nikiamini nafuta nakala.

Natumia simu. Ninayo programu ya BandLab, ambayo haina malipo, na michoro ya biti naifanya nikiwa kwenye gari au nikisubiri zamu ianze. Wenye kompyuta hutucheka, lakini simu ina jambo moja jema: ina nafasi ndogo, hivyo huwezi kuweka sauti sitini. Wimbo wangu unaochezwa zaidi kwenye sherehe za hapa una sauti saba tu. Naomba kuuliza, besi yangu ikichezwa kwenye spika kubwa inatikisa, lakini kwenye simu haipo kabisa. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba dada, ingawa huenda tuko rika moja. Hiyo ya kuhesabu tangu kuamka ni bora kuliko utaratibu wangu, nitamwambia mlinzi wetu wa usiku ambaye naye anajifunza.

Kuhusu besi: spika ya simu ni ndogo mno kuweza kutoa masafa ya hezi 50 au 60, hivyo usihangaike kuipandisha, utaharibu kwenye spika kubwa bure. Iongezee uchafu kidogo, yaani mkwaruzo ule unaozalisha masafa ya juu yaliyo mara mbili, mara tatu na mara nne ya noti yenyewe. Sikio likisikia hizo za juu, hujijazia lenyewe ile ya chini ambayo haipo. Njia nyingine ni kunakili besi kwenye mstari wa pili, kuipandisha oktava moja, kuikata chini yote na kuiacha kwa sauti ndogo sana. Kisha fanya jaribio la bajaji. Mimi humpa flashi dereva mmoja wa bajaji za kuelekea Mikindani, nakaa nyuma kama abiria na sisemi kitu. Akiupita wimbo kabla ya dakika moja, narudi nyumbani kuufungua upya.

Mchangiaji (Masasi)

Mkuu, umeandika vizuri lakini mimi sikubaliani nawe. Niliacha kazi ya dukani mwaka wa pili sasa, nashughulika na muziki pekee, na ninakwambia kwamba mshahara ndio unaowaua. Huo ustaarabu wote wa daftari, alfajiri na msimu ni namna ya kuizoea pingu. Mtu mwenye uhakika wa kula tarehe 30 hamalizi wimbo, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha. Wewe mwenyewe umesema kuna wimbo wa usiku wa saa nane ambao hadi leo haujakamilika. Kwa nini haujakamilika? Kwa sababu hakuna anayeusubiri.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Masasi, nimelisoma jibu lako mara tatu. Kuna sehemu nakupinga na sehemu moja umenipiga pabaya.

Nakupinga kwenye pingu. Hedifoni ninazotumia nilizilipa kwa saa za ziada za msimu mmoja, na leseni ya programu kadhalika. Muhimu zaidi, mshahara ndio unaonipa nguvu ya kusema hapana. Kuna studio moja mjini ilinitengenezesha biti tano kwa ahadi, na nilipodai malipo nikaambiwa nimepata “jina”. Kama ningekuwa nategemea biti hizo kulipa kodi ya chumba, ningerudi kutengeneza ya sita. Nilikwenda zangu ghalani.

Ulipopatia ni hapo kwenye kusubiriwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa na miradi zaidi ya arobaini iliyoanzwa na nyimbo mbili zilizokwisha. Wanaolipwa kwa muziki wana tarehe ya mwisho. Sisi tuna Jumamosi nyingine, na nyingine. Dawa niliyoipata ni kuazima tarehe ya mtu mwingine. Nina rafiki anayepiga muziki kwenye sherehe, nikamwahidi kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kuanzia Februari hadi Septemba, nitampa wimbo mmoja uliokamilika, uwe mzuri au mbaya, naye akiona unafaa ataupiga Jumamosi yake. Mwaka wa kwanza nilimpa nane, akapiga tatu. Mmoja aliuzima katikati, watu walikuwa wanarudi kwenye viti. Sikulala vizuri usiku ule, lakini nilijua kosa liko wapi: niliweka ukimya wa vipimo 16 kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Kipimo kimoja cha mapigo manne kwa mwendo huo ni sekunde mbili, hivyo niliwaacha watu wamesimama bila kiki kwa sekunde 32. Nyumbani ukiwa na hedifoni, sekunde 32 ni utamu. Ukumbini, mtu ameshakwenda kununua soda.

Mchangiaji (Masasi)

Hapo tumeelewana kiasi. Na nikiri tu: mwezi uliopita nimetengeneza matangazo manne ya maduka na wimbo wangu mwenyewe hata mmoja sikugusa. Kwa hiyo huenda sote tumeajiriwa, tofauti ni kwamba wewe unalipwa likizo.

Mleta uzi

Siku 28, kwa sheria ile ile. Huwa naichukua Machi na simwambii mtu kwamba nipo mjini.

Mchangiaji (Mtwara, Mikindani)

Wanangu, mimi ni fundi umeme, na umri umekwenda, muziki nauachia ninyi. Naomba niseme moja ambalo naliona kila wiki mezani kwangu. Gesi ya Mnazi Bay tunayo hapa hapa, bomba limekwenda hadi Dar es Salaam tangu 2015, lakini umeme wa nyumbani ukikatika umekatika, na hatari kubwa zaidi ni pale unaporudi kwa kishindo. Chomoeni kompyuta umeme unapokatika, subirini dakika chache baada ya kurudi ndipo mchomeke, au nunueni kifaa cha kulinda dhidi ya umeme mkubwa. Na huku pwani chumvi ya hewani inakula viunganishi. Spika zikianza kukwaruza msikimbilie kusema zimekufa, mara nyingi ni kutu kwenye tundu la waya tu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, tumepokea. Ningekufahamu mapema ungeniokoa. Nilipoanza nilikuwa natumia toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, ambalo hukuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena hadi ulipie. Ujanja wangu ukawa kutoizima kompyuta kabisa. Betri ilikuwa imekufa, hivyo iliishi kwa waya siku nne mfululizo na wimbo ukiwa wazi. Usiku wa nne umeme ukakatika. Wimbo ukabaki ndani kama mali iliyofungiwa ghalani bila stakabadhi, hadi nilipolipia leseni miezi mitano baadaye. Niliufungua kwa mikono inayotetemeka. Ulikuwa mbovu kabisa.

Mchangiaji (Nachingwea)

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nataka kuchanganya ngoma za kwetu na hausi, ila kila nikiweka ngoma juu ya kiki inakuwa kama watu wawili wanaotembea njia moja kwa hatua tofauti. Pia, je, nikirekodi ngoma kwenye sherehe ya jando naweza kuitumia?

Mleta uzi

Mwalimu, tatizo lako si mwendo, ni mgawanyo. Hausi inagawa kila pigo kwa mbili na nne. Ngoma nyingi za huku, na ukisikiliza sindimba utalisikia hilo, kila pigo zinaligawa kwa tatu. Ukiiburuta ngoma kwa nguvu ilingane na gridi ya programu (mistari inayogawa mapigo), umeiua. Badilisha gridi iwe ya tatu, iache kiki igonge mapigo yake manne kama kawaida, halafu hai-hati na besi zifuate ngoma badala ya kufuata kiki. Kiki itakuwa nguzo, wengine watazunguka. Usiisawazishe ngoma iliyorekodiwa; kata pigo la kwanza tu likae mahali pake, mengine yaache yachelewe kama mpigaji alivyoyachelewesha.

Kuhusu ruhusa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki), ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na mtu anayepiga ngoma naye ana haki katika alichokipiga. Ukitaka kuutoa wimbo kibiashara, waulize COSOTA na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla, wala usisubiri baada. Lakini kabla ya ofisi yoyote kuna wazee. Mambo ya jando si yote ya kusikika nje. Mimi nilimfuata mzee mmoja nikamweleza ninachotaka kufanya, akanikataza nyimbo mbili, akaniruhusu ngoma peke yake siku ya kutoka, wakati kila mtu anaangalia. Nilimrudishia wimbo uliokamilika kwenye simu ya mjukuu wake. Akasema kiki yangu inapiga kama mtu anayetwanga bila mahindi kinuni. Nikaenda kuipunguza.

Mchangiaji (Lindi Mjini)

Kaka, naomba huo wimbo.

Mleta uzi

Dada, haujakwisha. Una vipimo 64 vilivyokamilika, na kwa kuwa ni mapigo 120 kwa dakika hiyo ni dakika mbili na sekunde nane. Nilitaka ufike vipimo 96. Leo jioni tumeambiwa mzigo wa mnada wa kwanza unaanza kupokelewa Jumatatu na mizani itafanya kazi hadi saa moja usiku, kwa hiyo nimeshaandika sentensi yangu kwenye daftari: “Kipimo cha 65, ngoma ibaki peke yake, kiki isirudi upesi.” Nitaifungua Februari.